Ukoo wa Ujiji: Kazi ya Zuhura

*Zuhura:* Asalaam alaykum ndugu zangu. Duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga linataka karani wa hesabu. Saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mdogo bado ananyonya, na vitabu vya hesabu sijavishika tangu nijifungue wa kwanza. Nikubali?

*Kaka Hamisi:* Waalaykum salaam. Saa 9 kwa siku, toa 1 ya mapumziko, zinabaki 8. Mara siku 6 ni 48. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia 45 kwa wiki. Zile 3 ni ovataimu, kwa makubaliano, na kila saa inalipwa mara moja na nusu. Usigombane na mwenye duka. Omba Jumamosi utoke saa 8 mchana, zitakuwa 45 kamili kwa mshahara uleule.

*Mamdogo Asha:* Na kunyonyesha? Sheria hiyohiyo inampa mama hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi.

*Kaka Hamisi:* Naam. Ila ukirudi Ujiji mchana kwa daladala utazimalizia njiani. Zihamishie mwisho wa siku, utoke saa 9 alasiri.

*Zuhura:* Akikubali leo, kesho akageuka?

*Kaka Hamisi:* Ndiyo maana iandikwe kwenye mkataba KABLA hujasaini. Ukiwa hujatimiza miezi 6 kazini huwezi kudai umeachishwa isivyo haki. Maneno ya mdomo hayatakusaidia.

*Shangazi Mwajuma:* Maziwa ya kukamua yasikae mezani kwa muda unaozidi saa 4, na hiyo ni pale joto halizidi nyuzi 25. Kwa jua letu hili weka kwenye friji mara moja. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, chupa zinasumbua kusafisha.

*Mamdogo Asha:* Zuhura mwanangu, kuna njia nyingine naiona bora kwako. Shika hesabu za maduka mawili matatu, ulipwe na kila moja kwa mwezi, ufanyie nyumbani. Kazi ina tarehe zake: PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ni kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Wiki ya kwanza na siku chache kabla ya 20 utabanwa, kwingine kuna nafasi.

*Zuhura:* VAT nimeisahau kabisa 🙈

*Mamdogo Asha:* Maduka mengi hayamo kwenye VAT, usajili wa lazima unaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Anza na kulinganisha mauzo ya siku. Chukua ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya risiti ya EFD, weka pembeni yake fedha taslimu, lipa namba na mauzo ya mkopo. Hivyo vitatu vikijumlishwa vilingane na Z. Karibu kila mara kinachopotea ni mkopo: risiti imetoka, hela haijaingia, na mwenye duka anaanza kumshuku muuzaji. Cha pili ni mwenyewe kuchota droo bila kuandika. Mpe daftari dogo la "matumizi ya bosi", asaini kila anapochukua.

*Kaka Hamisi:* Hapo ndipo ndoa za biashara zinapovunjika 😂

*Mamdogo Asha:* Na risiti zile karatasi zake hufifia kwa joto. Zipige picha siku hiyohiyo, kwa folda ya kila mwezi. Risiti za manunuzi ziwe na jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya duka lililonunua, la sivyo kwa aliye kwenye VAT haziwezi kumpunguzia kitu. Hesabu za kampuni usizithibitishe wewe, hiyo ni ya CPA, mhasibu aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA.

*Zuhura:* Huyu wa Mwanga nimwambie hivyohivyo? Nije Jumatatu na Alhamisi kuchukua karatasi, nyingine nyumbani?

*Mamdogo Asha:* Mwambie. Akikataa, rudi kwenye saa za Hamisi.

*Kaka Hamisi:* Akikupa mkataba tuma picha ya ukurasa wa saa na likizo. Usisaini dukani.