Mjadala: Lami bila njia ya waenda kwa miguu, tuipokee tu?

Wakuu, habari za jioni. Nalileta hili kwenu maana mtaani kwetu, huku Temeke, limegawa watu hadi majirani hawasalimiani vizuri.

Barabara yetu ilikuwa ya vumbi. Masika yakianza, viatu mkononi hadi kituoni. Mwaka jana ikapigwa lami, tukashangilia, na mimi nilishangilia. Ila kutoka ukingo wa lami hadi mtaro haifiki hatua moja, na mtaro wenyewe uko wazi. Zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa matuta yetu, bajaji ikipita inanyata. Leo bodaboda na magari yanayokwepa foleni ya barabara kuu yanapita kwa kasi mbele ya milango ya watu. Mama yangu ana miaka 71 na anatembea kwa fimbo. Akienda gengeni anapita juu ya lami, kwa kuwa pengine pa kupita hana.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisema hivi: kipande kinachofuata, kama fedha hazitoshi, kiwe kifupi zaidi lakini kiwe na njia ya miguu, mitaro ifunikwe na matuta yawekwe. Nilizomewa. "Lami ifike kwa wote kwanza, hayo mengine baadaye." Nawaelewa wanaokaa mwisho wa barabara, vumbi bado ni lao. Lakini hiyo baadaye ina ugumu wake. Lami ikishafika, frem na kuta za nyumba zinasogea hadi ukingoni, na siku fedha zikipatikana, nafasi haipo tena. Ubomoe ya nani?

Tuangalie na mwendo. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo dereva anayoitumia kushtuka kabla mguu haujagusa breki. Gari la kilomita 30 kwenye lami kavu linakuwa limeshasimama ndani ya mita hizo hizo 14. Mtoto akichomoka uchochoroni kufuata mpira, tofauti ni hiyo.

Wala si mambo ya Ulaya. Hapa hapa Dar, shirika la Amend kupitia mradi wa SARSAI lilikwenda kwenye shule za msingi, likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na penye haja geti la shule likahamishwa mbali na barabara yenye magari mengi. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kazi ndogo ndogo, saruji na rangi. Kwa nini ziishie kwenye mageti ya shule?

Karibuni, pingeni.

Jibu, mwendesha bodaboda:
Mkuu, mimi ndiye unayemsema. Matuta sikatai, nakataa yale ambayo wananchi wanajijengea usiku kwa kifusi na zege. Hayana rangi, hayana kibao, yamechongoka. Nimeanguka kwenye moja nikiwa na abiria mjamzito. Mnataka tupunguze mwendo, wekeni tuta pana lililopakwa rangi, na taa iwepo.

Jibu, mama lishe:
Njia ya miguu ikijengwa, cha kwanza kuondolewa ni meza yangu. Oktoba 2021 machinga waliondolewa barabarani Dar nzima kwa sababu hiyo hiyo ya waenda kwa miguu. Nilikwenda tulikoelekezwa, wateja hawakuja, nikarudi. Wateja wangu ndio hao waenda kwa miguu unaowatetea, kaka.

Mleta mada:
Kaka wa bodaboda, pole sana, na uko sahihi. Tuta la kifusi ni kilio cha watu waliokwisha kuomba wakachoka, lakini linaua vilevile.

Dada, umenigusa. Sikuwa nimekufikiria nilipoandika, na nilipaswa. Napenda niseme wazi: njia ya miguu iliyojaa meza siitaki, maana mama yangu anarudi kwenye lami, na mwenye kiti mwendo hapiti kabisa. Ila mtaro ukifunikwa kwa zege imara, tunapata karibu mita moja tusiyokuwa nayo. Penye upana, meza zikae upande wa ukuta na watu wapite upande wa barabara, mstari uchorwe. Penye wembamba, hapana, na hapo nakubali kwamba kuna atakayeumia.

Mkutano wetu mwingine na mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni Jumapili. Waliofunikiwa mitaro mitaani kwao, nipeni vipimo: upana gani, mifuniko ya aina gani, na mnaizibuaje mchanga ukijaa. Hilo la mchanga ndilo nitakaloulizwa kwanza.