MREJESHO: Dogo na tiba ya uyoga huku Melbourne
Wakuu, niliuliza kama mdogo wangu mwenye sonona isiyosikia dawa anaweza kupata tiba ya psilosaibini, ile kemikali ya uyoga. Inawezekana, Australia wameruhusu tangu Julai 1, 2023 ila sio kila daktari, lazima awe bingwa wa afya ya akili mwenye kibali maalum na mpango wake upitiwe na kamati ya maadili. Tulipoenda maswali yalikuwa balaa, wakakomalia ukoo, kuna aliyewahi kurukwa na akili? Yupo, anko. Wakamkatalia palepale, wanaogopa hiyo dawa isije ikamwamshia wazimu na yeye. Dogo kanuna kinoma, alishajiandaa na kitambaa cha macho, muziki na wale wataalamu wawili wa kukaa naye masaa sita mpaka nane dawa ikiwa inafanya kazi mwilini. Mi naona wako sahihi. Sasa wanaongelea ketamini, ile dawa ya nusu kaputi inayotumika pia kwa sonona, tunawasikiliza.