Mrejesho: Baba mwenye ALS aliyebadilika ghafla

Wapendwa, mimi ndo niliuliza kuhusu baba yangu mwenye ALS (ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli polepole), ghafla akawa anasinzia mchana kutwa, asubuhi kichwa kinamuuma na anachanganya majina yetu, nikajua ugonjwa umepanda kichwani. Kumbe ni pumzi! Misuli ya kupumulia imechoka, usiku hewa chafu haitoki yote inabaki kwenye damu, dokta akasema oksijeni peke yake ingeweza hata kumzidishia. Sasa analala na mashine ya kusukuma hewa, ile maski siku mbili za kwanza aliikataa kabisa, mama anamshika mkono mpaka usingizi umpitie. Juzi kaniita kwa jina, sauti inakwama ila nimesikia. Nikalia jikoni. Kumeza bado shida, chai tunaiongezea uzito na tunamkalisha wima. Asanteni sana mliosema nisisubiri siku ya kliniki.