Tupeane uzoefu: mbwa anachoma nyasi zangu, nyinyi mlifanyaje?

MamaLanet (Nakuru)
Hamjambo wadau. Nina mbwa jike wa mwaka mmoja na nusu, anaitwa Simba (mtoto ndiye aliyempa jina, msiniulize). Tulipohamia huku Lanet nilipanda nyasi za Kikuyu mbele ya nyumba kwa mkono wangu, kijiti kwa kijiti, magoti chini. Zikashika, zikapendeza, hata wageni wakawa wanavua viatu. Sasa tangu mvua ikatike, pale mbele pamekuwa kama ngozi ya chui. Jana nimehesabu mabaka kumi na moja ya kahawia, kila moja upana wa sahani. Mume wangu asema ni mchwa. Mimi namwona Simba akichuchumaa hapo kila asubuhi nikimfungulia. Aliyewahi kupitia haya aniambie alifanya nini.

FundiMajani (Kisumu)
Mama, usimhukumu Simba kabla ya ushahidi. Shika nyasi zilizokauka katikati ya baka, vuta. Zikikataa kutoka, mizizi bado imeshika, basi huo ni mkojo. Zikiinuka zote kama mkeka, kuna funza chini wanaokula mizizi. Halafu tazama ukingo wa baka, uniambie umeona rangi gani.

MamaLanet
Nimetoka na tochi saa hii, majirani watasema nimerukwa na akili. Zimekataa kung'oka. Na ukingoni kuna pete ya kijani, kijani kweli kweli, kuliko nyasi zingine zote.

FundiMajani
Basi Simba hana wakili. Hiyo pete ndiyo inakueleza kila kitu. Mkojo wa mbwa una urea na chumvi, na urea ni ileile nitrojeni tunayonunua kwa gunia. Pale katikati imemwagika nyingi mno, nyasi zikaungua. Pembeni imefika kidogo, nyasi zikanenepa. Ni kama mtu amedondosha konzi ya mbolea mahali pamoja akasahau kuitawanya. Jike ndiye hulaumiwa zaidi kwa sababu huchuchumaa akamaliza kibofu chote hapo hapo. Dume mkubwa huinua mguu akagawa kidogo kidogo: mti, gurudumu, nguzo ya lango.

BabaMapacha (Kisumu)
Nicheke au nilie. Mimi niliambiwa mkojo wa mbwa ni asidi, nimpe kitu cha kuizima. Nikawa natia magadi kwenye ugali wake na omena. Mbwa akaanza kunywa maji karai zima, usiku analia mlangoni atolewe, na mara mbili hakungoja kutolewa. Nyasi? Ziliendelea kuungua. Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja nikamsimulia kwa majivuno, akanitazama vile mwalimu humtazama mtoto aliyekula chaki. Akasema asidi si hoja, hoja ni wingi wa nitrojeni na chumvi, na mimi nilikuwa namwongezea chumvi mgonjwa asiyeumwa. Siki, maji ya nyanya, magadi, yote achaneni nayo. Figo za mbwa si maabara.

WaKakamega
Huku kwetu mvua ya jioni inaosha kila kitu. Nina mbwa watatu na sijui baka ni nini. Nyinyi mna shida ya maji, mbwa mnawasingizia.

JiraniWa58 (Nakuru)
@WaKakamega umecheka lakini umesema kweli, dawa ni maji tu. Mimi nina kebe la rangi la lita nne mlangoni, limejaa tangu usiku. Mbwa akichuchumaa, namwacha amalize, nafuata nyuma yake namwaga polepole mahali palepale, yapate kuzama. Usirushe, yatakimbilia pembeni. Kipimo changu ni maji mara tatu ya mkojo au zaidi, na iwe wakati huohuo. Ukisubiri hadi jioni umeshachelewa, utakuwa unamwagilia maiti. Najua Lanet maji ni ya kununua wakati mwingine, kwa hiyo tumia ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho, yasiyo na dawa ya kung'arisha.

MamaLanet
Sasa niungame. Januari nilipoona manjano nilidhani nyasi zina njaa, nikanunua kilo mbili za CAN, ile mbolea ya nitrojeni, nikanyunyiza uwanja mzima.

FundiMajani
Ee Mama! Umemwongezea Simba risasi. Nyasi zilizokwisha kushiba nitrojeni huungua kwa mkojo kidogo tu, na wakati wa kiangazi ndiyo balaa. Usiguse mbolea hadi mvua za masika zikae sawa. Mabaka yaliyopo yalowanishe vizuri siku kadhaa, kwangua majani makavu kwa reki, kisha uyaache. Bahati yako ni nyasi za Kikuyu, zinatambaa juu na chini ya udongo, zitaziba zenyewe. Aliyepanda nyasi za pemba atangoja zaidi.

ShambaniKitale
Sisi mbwa wetu tulimtengea pembe nyuma ya jiko, tukamwaga kokoto. Wiki tatu nilimpeleka kwa kamba kila asubuhi kabla sijanywa chai, akikojoa pale namtupia kipande cha mfupa. Siku za kwanza alikuwa ananusa kokoto akinitazama kana kwamba nimemtukana. Nikahamisha udongo alioukojolea, koleo moja, nikaufukia pale. Hapo akaelewa. Tatizo letu sasa ni dume wa jirani, anapitia chini ya lango na kuinua mguu kwenye uzio wa kayaba. Shina moja limekauka upande mmoja. Kwa huyo sina ushauri, jirani mwenyewe hashiki simu.

BabaMapacha
@ShambaniKitale mpelekee magadi. (Natania!)

MamaLanet
Narudi na ripoti, ni wiki ya nne. Kebe liko mlangoni, na zamu ya asubuhi nimempa yule aliyesema ni mchwa. Anatoka na kaptula na kofia ya baridi, kebe mkononi, anamfuata Simba uwanjani kama karani wa sensa. Mabaka ya zamani nane yameanza kuingiwa na vijiti vya kijani kutoka pembeni, matatu bado ni upara. Jipya ni moja tu, la Jumapili aliyolala hadi saa tatu.