Miezi 26 nimekatwa kodi ya mtu asiye na mke wala mtoto, na sasa naambiwa nisamehe

Ndugu zangu mnaoishi kwa mshahara hapa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mlio katika hali kama yangu, ninaandika nikiwa na hasira. Nimejizuia siku tatu nzima ili niseme mambo kwa hesabu na si kwa matusi. Kampuni sitaitaja, kwa sababu shauri halijaisha na nyumbani kuna watu wa kulishwa. Inatosha mjue kwamba ni moja ya zile zinazochukua kazi kwa niaba ya migodi, na kwamba mimi ni fundi wa pampu niliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2022.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano mwaka huu wa 2024, tukisubiri basi asubuhi, mwenzangu mmoja ambaye tunalingana naye cheo na mshahara mpaka faranga ya mwisho alinionyesha karatasi yake ya mshahara, kwa sababu alitaka nimsaidie kuelewa saa za ziada. Macho yangu hayakwenda kwenye saa za ziada. Yalikwenda kwenye mstari wa IPR, yaani kodi ya mshahara, ambapo yeye alikuwa amekatwa faranga 188,294, ilhali mimi kwa mwezi uleule nilikatwa 224,160. Nilidhani wamekosea kwake. Ndipo nikaona juu ya mstari huo kisanduku kidogo cha idadi ya wategemezi: kwake kimeandikwa 8, mkewe na watoto saba. Nilipofika nyumbani nikatoa karatasi zangu zote chini ya godoro, na katika kila moja, kuanzia ya kwanza, kisanduku hicho kina sifuri.

Sifuri! Nina mke niliyefunga naye ndoa ya serikali, nina watoto wanne, na mama yangu mzazi anaishi nasi hapa mjini, mtaa wa Katuba, tangu baba alipofariki. Hao ni watu sita. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na wazee mnaokumbuka enzi za posho mtanielewa: unga ulipogawiwa, kampuni ilijua midomo iliyoko katika kila nyumba, na mtoto aliyezaliwa aliongezwa kwenye hesabu. Leo tuna kompyuta, na mimi nimeandikwa kama mseja.

Kwa wale ambao hawajawahi kuisoma sheria hii, nami nakiri kwamba kabla ya mwezi wa tano sikuwa nimeisoma, mambo yako hivi. Sheria ya kodi ya Kongo, yaani Ordonansi-sheria nambari 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969, pamoja na marekebisho yake, kama inavyotumika mwaka 2024, inasema kwamba kodi ya mshahara hupunguzwa kwa asilimia 2 kwa kila mtu wa familia anayetunzwa na mlipakodi, hadi watu 9. Wanaohesabiwa ni mwenzi wa ndoa, watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na hawana mshahara, na wazazi wa pande zote mbili wanaoishi katika nyumba ya mlipakodi. Punguzo hilo halitolewi kwenye mshahara. Linatolewa kwenye kodi yenyewe baada ya kupigiwa hesabu. Wala si zawadi ya mwajiri, na mwajiri hapotezi hata faranga moja akilitoa, kwa kuwa fedha hiyo si yake: anaikata kwangu na kuipeleka DGI, yaani idara ya kodi ya serikali, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Sasa hesabu yangu, na anayeona kosa anisahihishe. Mshahara wangu ni faranga 1,600,000 kwa mwezi, na haujabadilika tangu niajiriwe, ingawa hilo ni lalamiko la siku nyingine. Kwanza hutolewa asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 80,000, na kubaki 1,520,000 inayotozwa kodi. Jedwali la kodi la 2024 limeandikwa kwa mwaka: asilimia 3 hadi faranga 1,944,000, kisha asilimia 15 hadi 21,600,000, kisha 30 hadi 43,200,000, na 40 kwa kinachozidi hapo. Ukiligawa kwa miezi 12, faranga 162,000 za kwanza zinatozwa asilimia 3, yaani 4,860, na zile 1,358,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 15, yaani 203,700. Jumla ni 208,560. Watu sita mara asilimia 2 ni asilimia 12, sawa na faranga 25,027, kwa hiyo nilipaswa kukatwa 183,533. Nimekatwa 224,160.

Msomaji makini ameshaona kwamba pengo ni kubwa kuliko punguzo la wategemezi. Mimi pia niliona, nikakaa usiku mzima na kalamu hadi nikalipata kosa la pili, na hili linawahusu wafanyakazi wote wa kampuni yetu, hata yule mwenzangu mwenye watu wanane. Wamejumlisha hela ya usafiri katika kiasi kinachotozwa kodi. Sheria ileile inasema kwamba posho ya usafiri kati ya nyumbani na kazini haitozwi, mradi isizidi safari nne za taksi kwa siku kwa wakuu, na safari nne za basi kwa wafanyakazi wengine. Kampuni yetu inatupa faranga 104,000 kwa mwezi. Mnajua wameipataje? Safari nne za basi kwa faranga 1,000, mara siku 26! Yaani waliifungua sheria, wakachukua kipimo chake cha safari nne ili wasitupe hata faranga moja zaidi, kisha wakaifunga kabla ya kufika kwenye neno linalosema fedha hiyo haikatwi kodi. Asilimia 15 ya 104,000 ni 15,600 kila mwezi.

Mkijumlisha hayo mawili, nimekatwa zaidi kwa faranga 40,627 kila mwezi. Kwa miezi 26, kuanzia Machi 2022 hadi Aprili 2024, ni faranga 1,056,302. Kwa mtu wa mshahara wangu hizo ni ada za shule na mifuko ya unga.

Najua wapo watakaoniuliza nilikuwa wapi miezi yote hiyo. Swali ni la haki. Karatasi zetu za mshahara hutolewa kwa kuchelewa, wakati mwingine mbili kwa pamoja, na mimi, kama wengi wenu, niliangalia namba ya chini kabisa na kuikunja karatasi. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Lakini sikubali kwamba kosa langu la kutosoma linafuta kosa lao la kutoandika, hasa kwa kuwa mimi sehemu yangu niliifanya mapema. Wiki ya pili tu ya kazi, tarehe 9 Machi 2022, nilipeleka faili lenye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hati ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, inayoonyesha kwamba mama anaishi kwangu. Nina nakala yenye muhuri wao na tarehe. Na vyeti hivyo havikuokotwa njiani. Mtoto wetu wa tatu hakuandikishwa ndani ya zile siku 90 ambazo uandikishaji ni bure, kwa sababu mke wangu alikuwa mgonjwa baada ya kujifungua, na baadaye ikabidi kupitia mahakamani ili kupata hukumu ya kusimama mahali pa cheti. Nilipoteza siku za kazi, nikalipa nauli, nikalipa nakala, nikalipa mihuri. Niliambiwa wakati ule: bila karatasi, mtoto hahesabiwi. Nikaleta karatasi, na bado hakuhesabiwa.

Nilipokwenda ofisi ya mishahara, jibu la kwanza lilikuwa kwamba faili langu halipo. Niliporudi na nakala yenye muhuri, faili likaonekana ndani ya nusu saa, katika kabati, likiwa na majina yetu wote. Jibu la pili lilikuwa kwamba programu ya mishahara ilibadilishwa mwaka 2022, na walioajiriwa miezi ile hawakuingizwa vizuri. Nikauliza ni wangapi, na hakuna aliyenijibu. Jibu la tatu, ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu, alilitoa kijana mmoja mpole, tena kwa heshima zote: «Papa, ile feza ilisha kuenda kwa Leta. Tutarekebisha kuanzia mwezi huu, ya nyuma usamehe tu.»

Nisamehe nini? Msamaha hutolewa na aliyeombwa radhi, nami sijaombwa radhi na mtu yeyote. Ni kweli kwamba fedha imekwenda kwa Leta, yaani serikali, lakini nani aliyeipeleka? Mimi sijazi tamko lolote la kodi. Kwa mujibu wa sheria anayetangaza na kulipa ni mwajiri, na mimi ni yule tu anayebeba mzigo. Katika ofisi ya kodi nilikokwenda kuuliza, nilielezwa jambo hilohilo kwa maneno ya wazi: tamko limewekwa na mwajiri, kwa hiyo marekebisho lazima yaanzie kwa mwajiri. Nikarudi kazini, nako nikaambiwa niende nikadai kodi mwenyewe. Hapo ndipo mfanyakazi anapogeuzwa kuwa mpira.

Shemeji yangu anayeishi Marekani, nilipomsimulia, alishangaa kwa nini sijazi fomu nikadai fedha yangu. Kwao kila mtu huweka tamko lake mwenyewe, kwa kawaida ifikapo tarehe 15 Aprili, akaorodhesha anachostahili kupunguziwa au akachukua punguzo la jumla, ambalo kwa mwaka 2023 lilikuwa dola 13,850 kwa asiye na ndoa, na serikali ikamrudishia iliyozidi. Ndiyo maana video zinazosambazwa katika vikundi vyetu vya WhatsApp, za namna ya kuongeza fedha ya kurudishiwa, hazitusaidii hata kidogo. Sisi punguzo letu linatolewa kabla mshahara haujatufikia, na anayelitoa ni karani wa ofisi ya mishahara. Akilala yeye, umelipa wewe.

Hoja moja ninayotaka wenye ujuzi wa uhasibu wanisaidie ni hii. Kwa kuwa jedwali la kodi ni la mwaka, inaeleweka kwamba makato ya kila mwezi ni sehemu tu ya hesabu ya mwaka, na nimesikia kutoka kwa watu wa kampuni nyingine kwamba kwao hesabu hupigwa upya mwezi wa kumi na mbili, aliyekatwa zaidi akafidiwa katika mshahara wa mwezi huo. Kwetu jambo hilo halijafanyika Desemba 2022 wala Desemba 2023. Ikiwa wengine wanaweza, basi neno kwamba fedha iliyokwenda hairudi si sheria. Ni uvivu uliovaa suti. Naomba aliyewahi kufidiwa kwa njia hiyo aeleze ilikuwaje: kampuni ilipunguza katika tamko la mwezi uliofuata, au ilitoa kwenye mfuko wake kwanza?

Mimi nimeshaandika barua kwa mkuu wa wafanyakazi, nimeambatanisha jedwali la miezi yote 26 na nakala ya faili lenye muhuri, na nimempa siku kumi na tano. Nisipojibiwa nitakwenda kwa mkaguzi wa kazi, kwa kuwa chini ya sheria ya kazi nambari 015/2002 mgogoro wa mtu mmoja haupokelewi mahakamani kabla ya kupitia kwake kwa usuluhishi. Mjumbe wetu wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, ananishauri niende polepole. Nimekwenda polepole miezi 26, inatosha.

Na ninyi msomao, kabla ya kunijibu, toeni karatasi zenu mtazame mambo mawili: idadi ya wategemezi, na kama hela ya usafiri imeingizwa katika kiasi kinachotozwa kodi. Tangu jana wenzangu watatu walioajiriwa mwaka 2022 wametazama. Wawili wana sifuri, na mmoja, ambaye ni mseja kweli, ameandikiwa watu watano. Labda ndio wangu.

Nyongeza ya jioni: karatasi ya mwezi wa tano imetolewa leo. Kisanduku sasa kina 6, usafiri bado umo kwenye kodi, na ya nyuma hakuna neno. Mama ameniuliza kama sasa kampuni inamjua. Nimemwambia ndiyo, kuanzia mwezi huu.