Mrejesho: kile kitabu cha rangi cha 1821

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo: nilipata hapa Edinburgh, kwenye boksi la vitabu chakavu, orodha ya rangi ya Werner, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, iliyopanuliwa na mchoraji Patrick Syme, toleo la pili. Nikauliza kama nifute madoa ya kahawia kwa kitambaa chenye maji.

Asanteni mlionizuia! Fundi wa kuhifadhi vitabu aliguna tu niliposema "maji". Kumbe vile vipande vya rangi havikuchapwa. Vilipakwa kwa mkono, vikakatwa, vikabandikwa kimoja kimoja. Tulivihesabu: vinatakiwa 110, vyangu 109. Kwenye ukurasa wa kijani imebaki alama ya gundi. Bei imeshuka hapo, najua. Ila ile buluu ya Prussia, iliyofananishwa kitabuni na doa la bawa la bata dume wa mwituni, bado inawaka.

Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi, alisafiri na nakala ya kitabu hiki kwenye meli ya Beagle. Changu nadhani hakikutoka kabatini, ndiyo maana rangi zimepona. Mgongo uliolegea fundi ataukaza, madoa tumeyaacha. Kwa walioniuliza kwa ujumbe wa faragha (PM): siuzi kwa sasa.