Mjadala: Je, blokcheni itaziba mianya ya IFMIS, mfumo wa malipo ya serikali ya Kenya?

Mleta hoja:
Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliunda jopo la blokcheni na akili unde chini ya Bitange Ndemo, aliyewahi kuwa katibu wa wizara ya habari na mawasiliano. Tangu hapo, kashfa ikizuka hakosi mtu wa kusema pesa za umma ziwekwe kwenye blokcheni, wezi wakose pa kujificha. Mimi naunga mkono, ila si kwa sababu hiyo.

Blokcheni ni daftari lenye nakala kwa wengi: ukichezea yako, nakala za wenzako zinakuumbua. Lakini haijui kama lori lilifika tupu. Afisa akitia sahihi kuwa mahindi yamepokelewa ilhali hayakuletwa, uongo huo utahifadhiwa milele, tena vizuri. Na kwenye sakata la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) la 2015, la shilingi milioni 791, tuliambiwa nywila za IFMIS zilitumiwa na wasiohusika. Funguo za blokcheni, yaani namba za siri za kutilia sahihi, nazo huibwa.

Faida naiona kwenye bili ambazo hazijalipwa. Mtu anaipelekea kaunti dawa au madawati, anasota miaka, huku aliyekuja nyuma yake akilipwa kwanza. Ankara zikiingia na tarehe, na nakala zikakaa kwa Hazina ya Kitaifa, Msimamizi wa Bajeti, Mkaguzi Mkuu na Bunge, anayerukishwa foleni ataonekana siku hiyo hiyo. Leo tunamsubiri Mkaguzi Mkuu, ambaye Katiba inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Orodha hiyo si iwekwe tu kwenye tovuti ya kawaida, hata kesho? Kinachokosekana ni nia. Tutanunua mtambo mwingine, na zabuni yake iwe ulaji.

Mleta hoja:
Tovuti ya Hazina hubadilishwa na Hazina, ndugu yangu. Tarehe ikigeuzwa usiku, nani atathibitisha? Kuhusu zabuni, programu huria zipo. TruBudget ya benki ya KfW ya Ujerumani, iliyobuniwa kufuatilia fedha za wafadhili, haina ada ya leseni. Wa kuiendesha ndio watakaohitaji mshahara.

Mchangiaji wa pili:
Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019? Inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Mama anayeiuzia shule mboga akiandikiwa nambari ya kitambulisho cha mtu mwingine, daftari lisilofutika litamsaidiaje?